Ua la Mlango wa Bibi Nakijwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana nyumba za bati zilikuwa zimeshaanza, palikuwa na kijiji milimani kilichoishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la huko juu linalokusanya maji ya kijito. Likijaa linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule, kila mtu na zamu yake. Watu wa ndiva wana tabia moja. Wakiona mgomba umenyauka, wanaupa maji. Wakiona mgeni amechoka, wanampa maji. Kitu kikianza kufa, mkono wao unakimbilia ndoo. Lishikeni hilo, mtalihitaji.

Katika ukoo mmoja wa kijiji hicho, binti akiolewa, mama yake humpa tunguu moja la ua. Tunguu lenyewe ni kama kitunguu cha kupikia, ila haliliwi. Binti hulizika kando ya mlango wa nyumba yake mpya. Miezi na miezi unapita pale usijue kuna kitu. Ikinyesha mvua ya kwanza ya vuli, ua linachomoza peke yake, jekundu, mviringo, limejaa nyuzi. Mwenye ua akifa, ua la kwanza kuchanua baada ya kifo chake hukatwa na mkono mmoja tu, likalazwa kaburini. Hapo ndipo ameagwa. Na mkono uliokata ndio unaolichukua tunguu na kulizika mlangoni kwake. Tangu siku hiyo mlango huo ndio mlango wa mama. Ndugu wakigombana, wanapatana hapo. Lakini ua husimama siku saba tu tangu lifunguke, kisha linainama, na lililoinama halipelekwi kaburini.

Basi palikuwa na Bibi Nakijwa. Ua lake lilijulikana kijiji kizima, wengine walipita njia ya mbali ili walione. Alilitunza mwenyewe, alfajiri, watu hawajaamka. Ukisogea kutaka kumsaidia, anakufukuza.

"Ondoka hapo! Una mkono mzito wewe."

Hakumfundisha mtu. Hakuwa mchoyo, msimfikirie vibaya. Alidhani siku zipo.

Siku zikamwisha ghafla. Wiki moja baada ya ua kuchanua, Bibi Nakijwa alianguka jikoni. Kiharusi kikamchukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Akabaki na macho, na mkono wa kushoto. Wakamwekea kitanda sebuleni, kikatazama mlango, ili awe anapaona penye ua lake.

Nyumbani kulikuwa na mwanawe Mbonea, na mke wa Mbonea aitwaye Namkunda. Binti yake, Foibe, alikuwa ameolewa mbali, huko bondeni, na tunguu alilopewa halikukubali udongo wa huko.

Ikafika Desemba. Mnajua Desemba ya milimani. Watoto wote walioko mijini wanarudi, na nyumba isiyofagiwa inasemwa mwaka mzima. Namkunda akafagia, akapiga chokaa, akafika mlangoni. Ua lilikuwa limeshakauka, yamebaki majani, mapana, mabichi.

"Haya nayo yanachafua uwanja tu," akasema, "na mama asije akaaibika mbele ya wageni."

Akayakata yote kwa panga. Hakujua kwamba ua likishapita, majani ndiyo yanaanza kazi ya kulilisha tunguu kwa ajili ya mwaka mwingine. Ukiyakata mabichi, umemnyang'anya mtu sahani. Alifanya kwa mapenzi. Mama aliona. Mama akagonga kitanda kwa mkono wa kushoto.

"Anafurahi," Namkunda akasema.

Vuli iliyofuata ua halikutoka. Vilitoka vijani viwili vyembamba, vya kuhurumia. Mbonea akaviangalia, akasema, "Jua linaviunguza." Akauza mbuzi, akanunua bati, akalisogeza paa mbele ya mlango hatua tatu nzima, ili mama na ua lake wapate kivuli. Hakujua kwamba ua hilo linataka jua. Alifanya kwa mapenzi. Mama aliona. Mama akagonga kitanda.

"Anashukuru," Mbonea akasema.

Kiangazi, Foibe akaja kumuuguza mama yake. Akakuta pale mlangoni udongo mtupu, mkavu, umepasuka. Akalia. Wakati huo tunguu lilikuwa limelala, na likilala halitaki kuguswa wala kunyweshwa. Foibe angejuaje? Yeye ni mtu wa ndiva. Akachukua ndoo. Zamu ya maji ya shamba la mama yake ilikuwa mara moja kwa wiki, naye maji hayo hakuyapeleka shambani, aliyakinga mapipani, akayaleta mlangoni. Maharage yakakauka, yeye anamwagilia ua. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Mama yake akiona ndoo anagonga kitanda, anainyooshea kidole, anagonga tena, machozi yanamtoka.

"Mama anasema niongeze," Foibe akasema.

Akaongeza.

Jirani mmoja alikuwa akipita pale kila asubuhi akienda mtoni. Mwanamke mtu mzima, mwenye ua kama lile mlangoni kwake, maana yeye na Bibi Nakijwa walitoka ukoo mmoja. Akasimama siku moja.

"Unamwagilia, mwanangu?"

"Namwagilia, Mama Nanzia. Ua la mama linakufa."

"Haya," akasema jirani, akapita.

Vuli ikaja, mvua ikanyesha, milango ya wenzao ikawaka nyekundu. Mlangoni kwa Bibi Nakijwa hakikutoka hata kijani kimoja. Ndipo Namkunda akachukua jembe, akafukua, harufu ikampiga. Tunguu lilikuwa limeoza. Foibe akakaa chini palepale kwenye tope, akajishika kichwa. Alielewa bila kuambiwa.

Mama akagonga kitanda. Safari hii Namkunda hakusema anafurahi. Alilichukua lile tunguu bovu, akaenda nalo hadi kitandani, akapiga magoti.

"Mama, hatujui. Tuonyeshe."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa akilisubiri miaka miwili. Kidole kikaonyesha kisu. Kikaonyesha majivu. Kikaonyesha uchaga ulioko juu ya jiko, panapokaushwa mbegu za mahindi. Namkunda akakata uozo wote, akakata mpaka kikabaki kiini cheupe, kidogo kama kitunguu saumu. Akakipaka majivu, akakilaza uchagani. Kila siku alipanda kukigeuza, na siku alipoona doa jipya alilikwangua kwa ukucha. Wakati wa masika akakizika, shingo ikabaki juu ya udongo, kama kidole cha mama kilivyoelekeza.

Mama akanyoosha kidole juu, kwenye bati. Mbonea akaelewa. Akazing'oa bati zilizomgharimu mbuzi, na siku alipokuwa juu ya paa aliteleza, akavunjika mguu. Hadi leo anachechemea. Lakini jua lilifika.

Mama akamtazama Foibe, akatazama ndoo, akatikisa kichwa. Foibe hakurudi kwa mumewe. Alikaa viangazi viwili anaulinda ule udongo ukavu, na watu wa ndiva walivyo, kila mpita njia anataka kuuonea huruma. "Msimwage maji hapo!" Hata maji ya kuoshea mikono ya wageni aliyachukua yeye mwenyewe akayamwaga mbali. Mumewe akachoka kungoja, akaoa mwingine.

Masika yakatoka majani. Vuli ikafika, majani yakatoka tena, mapana, ila ua hapana. Desemba wageni walikuja wakakuta uwanja una majani yaliyozungushiwa vijiti, wakasema waliyosema, Namkunda akawaacha waseme. Majani yakalisha, yakakauka yenyewe, yakaanguka. Kila mtu aliona kwamba sasa bado vuli moja tu. Mama naye alijua. Alikuwa ameacha kugonga kitanda. Alikuwa anatazama mlango.

Alifariki wiki sita kabla ya mvua.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Siku ya tatu ua likachomoza, siku ya tano likafunguka, jekundu, mviringo, kubwa kuliko walivyolikumbuka. Wakasimama mbele yake watu watatu, na hapakuwa na wa kumwambia, Mama, tazama.

Wakashauriana ni mkono wa nani utakaolikata.

Foibe akasema: "Mimi ndiye binti aliyemtoka tumboni. Ndoa yangu imekwenda na ua hili. Nisipokuwa na mlango wa mama, mimi sina mlango mwingine duniani."

Namkunda akasema: "Wifi, sikunyang'anyi. Lakini wewe ndiye uliyeliozesha. Mimi nilishika uozo kwa mikono hii, mimi nikapiga magoti nikauliza. Mngeuliza ninyi?"

Mbonea akasema: "Mke wangu, uozo ulilikuta lina njaa. Nani aliyakata majani? Mimi nilitoa mbuzi, nikatoa mguu. Na mlango wenyewe uko kwenye nyumba yangu."

"Kaka," Foibe akamjibu, "kivuli chako ndicho kilichofanya maji yangu yasikauke."

Hapo kila mmoja alikuwa amesikia kosa lake kwa sauti ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa amesema uongo. Kesho yake yakawa kinyume. Namkunda akasema, "Kata wewe, wifi." Foibe akasema, "Siwezi, mkono wangu ndio ulioliozesha." Mbonea akasema, "Wala mimi." Wakaanza kusukumiana, na ua linahesabu siku.

Siku ya sita tangu ua lifunguke wakaenda kwa yule jirani, mwenye ukoo na ua kama wa mama yao, awaamulie.

"Mama Nanzia," Mbonea akasema, "wewe ndiye mkubwa aliyebaki. Utakalosema tutalifuata."

Sasa nitawaambia nimejuaje haya yote. Mama Nanzia ni mimi.

Mimi nilikuwa nalijua lile ua tangu utoto. Nilijua kiangazi halinyweshwi. Niliona ndoo asubuhi, nikaona na kile kidole cha Nakijwa kupitia mlangoni, nikajua anachosema. Neno moja lingetosha: "Mwanangu, acha." Nikasema "Haya," nikapita, kwa sababu miaka tisa kabla ya hapo Nakijwa alifungua mfereji siku ya zamu yangu, maharage yangu yakakauka, wala hakunitaka radhi. Nilipopita mara ya mwisho aliniangalia, akagonga kitanda. Mimi peke yangu nilimwelewa. Kama ningesema, tunguu lisingeoza, ua lingechanua mapema, naye yu hai, nalo mbele ya macho yake. Hilo nalala nalo, naamka nalo.

Wale watoto hawakujua, na hawajui hadi leo. Walikaa kwenye mkeka wangu, mmoja mguu umepinda, mmoja hana mume, mmoja kucha zake zimeharibika kwa kukwangua uozo, wakinisubiri mimi niwapimie makosa yao. Nikawaambia warudi asubuhi.

Asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya saba.

Ninyi mliokaa hapa hamna mfereji wala maharage katika jambo hili, kwa hiyo semeni. Foibe, aliyelipa maji mpaka likaoza na kisha akalilinda mpaka akakosa ndoa? Namkunda, aliyelinyang'anya sahani na kisha akapiga magoti kuuliza? Mbonea, aliyelizibia jua na kisha akalirudishia kwa mguu wake? Na mimi niliyejua nikanyamaza, nilikuwa na mdomo gani wa kuamua?

Je, ni mkono wa nani uliostahili kulikata lile ua?