Mkulima Hodari wa Ukoka

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mwenye kujua yote yupo?"

"Yupo!"

"Basi anyamaze, leo asimuliwe."

Hapo kale, kando ya mto, paliota nyasi ziitwazo ukoka. Maskini ukoka! Kazi yake kutambaa tu. Ng'ombe wakiukanyaga, hulala. Jua likiwaka, hunyauka. Mvua ikinyesha, huinuka: hamjambo, nipo!

Siku moja ukatambaa hadi shamba la Mbaruku. Mnamjua Mbaruku? Yule bingwa asiyeshaurika. Na mtama wa shamba lile ndio uliolisha nyumba yake mwaka mzima.

"Nitaukatakata!" akaapa.

Mkewe akasema, "Baba Chiku, ukoka haukatwi, hung'olewa. Vuta mizizi yote, uianike juu ya jiwe."

"Mama Chiku, jembe nashika mimi au wewe?"

Haya, bwana mwenye jembe! Akalima, kwa! kwa! kwa! Kipande kimoja kikawa vitatu. Ukoka ukanong'ona, "Ahsante, baba. Nilikuwa mpweke."

Mvua ikanyesha, ukoka ukafika katikati ya shamba. Akasonya, akalima tena, kwa! kwa! kwa!

"Ahsante, baba. Sasa tuna wajukuu."

Mara ya tatu, bingwa wetu akaita wenzake, majembe kumi. Wakakatakata mpaka jua likazama.

"Ahsante, baba! Leo umetufanyia harusi!"

Na mtama je? Ulikuwepo, jamani, kwa mwenye macho ya tai. Ulisongwa, ukafa. Sikio la kufa halisikii dawa. Mbaruku akakaa chini akalia. Alilia kweli, maana watoto hawali jembe.

Mama Chiku hakumcheka. Alikwenda kwa kaka yake, akapewa mbuzi majike watatu, akawafungulia shambani. Mbuzi wakala ukoka, wakanenepa, wakazaa. Watoto wakanywa maziwa, njaa ikapita mbali.

Siku moja wafugaji wa ng'ambo wakapita, wakashangaa.

"Malisho gani haya! Nani kayapanda?"

Mama Chiku akamwonyesha mumewe. "Huyu hapa. Kapanda mara tatu kwa mkono wake, wala hakutaka ushauri."

"Hongera, bwana! Tufundishe."

Mbaruku akakohoa, akavimba kifua.

"Siri yake ndogo tu," akasema. "Usimsikilize mkeo."

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, mgawane. Ikiwa chungu, mpelekeeni Mbaruku, yeye ana jibu.