Simu ya Mjane Mnyonge

Diwani Kihongo aliingia ofisi ya tovuti ya habari, mjini Tanga, akihema kama fahali. Wasomaji walikuwa wamemwita fisi. Maskini, mtu mpole kama yeye!

"Nataka majina halisi ya wanaonitukana humu. Wote nitawaweka ndani! Mkikataa, tovuti hii naifunga leo."

Mwanamvua, aliyekuwa akichuja maoni ya wasomaji, alimvutia kiti. Binti huyu akikuamkia vizuri, shika mfuko wako.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Kweli matusi yamezidi. Ila tukiwataja wanaokutukana wewe peke yako, watu watasema unajipendelea."

"Basi wataje wote! Hata wanaomtukana mpinzani wangu, Bi Rukonge. Mimi ni mtu wa haki."

"Mashallah, haki iliyoje! Sasa tuanze na nani?"

"Hata sinia la pilau huanzia kwa mkubwa. Anza na kinara wao!"

Mwanamvua akatazama kompyuta yake. "Kinara anajiita Mjane Mnyonge. Kila siku humwita Bi Rukonge mchawi, kisha humsifu Mheshimiwa kwa uzuri wa sura."

Diwani akaacha kuhema.

"Namba aliyojisajilia ninayo hapa," Mwanamvua akasema, akiinua simu ya ofisi. "Ngoja nimpigie."

"Binti yangu, hebu acha! Jina la msomaji ni amana!"

Mwanamvua alikuwa amekwisha kubonyeza. Mfuko wa koti la Diwani ukaanza kuita.

"Pokea, Mheshimiwa," alisema Mwanamvua. "Na pole sana kwa kufiwa na mumeo."