Pepo wa Miaka Mitano

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni Bi Mkasi, shangazi wa mume wangu, siku tulipokuwa tukichambua kunde barazani kwake. Nami nawapa kama alivyonipa.

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo, hamjashiba? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, babu wa babu zetu hawajaota meno, kulikuwa na kijiji, na kijijini kulikuwa na binti aliyeitwa Umazi. Miaka yake kumi na minne. Na binti huyo alikuwa hatulii.

Kukipambazuka, Umazi yuko njiani na mtungi. Tapa, tapa, tapa, kisimani. Tapa, tapa, tapa, nyumbani. Anajaza mtungi wa kwanza. Anajaza wa pili. Anajaza wa tatu. Mitungi ikijaa mpaka shingoni, anarudi tena kisimani. Maji yanamwagika uani, bata wanaogelea mlangoni, naye bado: tapa, tapa, tapa.

Akipewa chakula, hula amesimama. Akiitwa jina, hushtuka, na alichoshika huanguka. Pwaa! Kibuyu. Pwaa! Chungu. Msibani alicheka. Harusini alijificha nyuma ya banda la kuku, akajing'ata kucha mpaka damu.

Wanawake kisimani wakanong'ona.

"Ana pepo huyo."

"Pepo gani anayependa maji hivyo? Pepo wa chura?"

"Basi mwambieni apitie na kwangu, mitungi yangu mitupu!"

Wakacheka. Umazi akasikia, akachota, akaenda zake.

Baba yake hakucheka. Baba yake aliitwa Ndurya, mtu wa heshima, mwenye ghala kubwa kuliko maghala yote ya pale. Ndurya alichonga mkatale, lile gogo zito lenye tundu la mguu ambalo wendawazimu hufungiwa. Akaliweka uani, kila mtu alione.

"Siku nne," akamwambia mkewe. "Zikipita siku nne hajatulia, mguu wake utaingia humu. Na hautatoka. Sitaaibishwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe."

Mama Umazi akaogopa. Akatoka mbio, vikuku vya miguuni vikilia chiri, chiri, chiri, mpaka kwa Bi Mbodze.

Sasa Bi Mbodze alikuwa ajuza mwenye jino moja na ngoma moja. Ndiye aliyewapunga pepo watu wa kijiji kile, na mama yake kabla yake. Mgonjwa huketishwa kwenye kigoda, hufunikwa kaniki, ngoma hupigwa, na pepo huulizwa: Nani wewe? Umetoka wapi? Wataka nini? Pepo hujibu kwa mdomo wa mgonjwa. Na analotaka pepo, wenye nyumba hulitoa, kiwe kilemba, awe mbuzi. Wala mgonjwa halaumiwi kwa lililosemwa, maana si yeye aliyesema. Ndiyo desturi waliyoikuta.

"Nyanya, niokolee mwanangu," akasema Mama Umazi.

"Ana nini?"

"Hatulii."

"Utotoni aliumwa?"

"Hakuumwa."

"Alilia?"

"Watoto wote hulia, Nyanya."

"Na akilia, nani alimnyamazisha?"

Mama Umazi akatazama vidole vya miguu yake.

"Niletee kesho," akasema Bi Mbodze. "Peke yake."

Kesho yake Umazi akaja. Hakuketi. Alizunguka kibanda cha ajuza, tapa, tapa, tapa, mara saba, mara nane. Bi Mbodze hakumwambia keti. Alikuwa anaanika mtama kwenye jamvi. Mara jogoo mmoja akaruka juu ya mtama, na ajuza akainua mkono kumfukuza. "Shii!"

Umazi alikuwa hatua kumi mbali naye. Lakini mkono ulipoinuka, Umazi alikwisha kuwa chini, amejikunja, mikono yote miwili juu ya kichwa.

Jogoo akakimbia. Bi Mbodze akaushusha mkono polepole, kama mtu aliyeshika yai. Akauficha ndani ya kanga.

"Mjukuu wangu," akasema, "nisamehe mkono huu. Ulikuwa unamtaka jogoo."

Hata jogoo akarudi, akadonoa mtama, na hakuna aliyemgusa.

"Nikikuuliza uliyofanyiwa, utanijibu?"

Umazi akatikisa kichwa. Mtoto hamshtaki baba yake. Wazee wangemwambia umelaaniwa, na baba angengoja mpaka watu watawanyike, ndipo ampige.

"Vyema," akasema ajuza. "Basi sikuulizi wewe. Kesho kutwa nitakufunika kaniki. Chini ya kaniki hakuna mtoto, wala hakuna baba. Kuna pepo tu. Anayetaka kunena, anene. Asiyetaka, mimi nitapiga ngoma mpaka mikono ichoke, na hakuna atakayejua."

Umazi akasimama kidogo. Kisha akaanza tena: tapa, tapa, tapa.

Siku ya nne ikafika. Jua la alasiri. Watu wamejaa uani kwa Ndurya kama nzi kwenye sukari guru. Mkatale uko pale pale, na Ndurya ameukalia. Umazi akaketishwa kwenye kigoda, akafunikwa kaniki. Miguu tu ikaonekana, nayo haikutulia.

Ndi! Ndi-ndi! Ndi! Ngoma ikaanza.

"Wa mwaka jana alitaka samaki wa kukaanga," mwanamke mmoja akamnong'onea mwenziwe.

"Huyu atataka kisima kizima."

Ndi! Ndi-ndi! Ndi!

"Nani wewe?" akauliza Bi Mbodze.

Kimya.

Ndi! Ndi-ndi! Ndi!

"Nani wewe?"

Kimya.

Ndurya akacheka puani. Akaugonga mkatale kwa kisigino. "Bi Mbodze, umezeeka. Lete huo mguu."

Bi Mbodze hakugeuka. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye jino lake moja. Ndi! Ndi-ndi! Ndi!

"Nani wewe?"

Chini ya kaniki sauti ikatoka. Nyembamba. Si ya binti wa miaka kumi na minne.

"Mimi nina miaka mitano."

Watu wakatazamana. Aliyetaka kucheka, kicheko kikamkwama.

"Umetoka wapi?"

"Sijatoka. Nimo ghalani."

Miguu ya Umazi ilikuwa imesimama. Watu wote waliiona imesimama.

"Nani alikuweka ghalani?"

"Baba. Alirudi ana kiu. Mtungi ulikuwa mkavu. Akanipiga kwa mchi, akanitia ghalani, akafunga. Ghala lilikuwa tupu. Lilikuwa na panya."

"Ulikaa siku ngapi?"

"Sijui. Mama alipita nje. Nilisikia vikuku vyake, chiri, chiri. Nikamwita. Vikuku vikasimama." Sauti ikakatika, ikarudi. "Kisha vikaondoka."

Pale uani watu wakavitazama vikuku vya Mama Umazi.

"Uongo!" Ndurya akaruka juu. "Pepo mwongo huyo! Mpigeni, atoke!"

"Ndurya," akasema Bi Mbodze, "mwaka juzi pepo wa dada yako alitaka mbuzi wawili, nawe ukatoa. Ulimwambia ni mwongo?"

"Yule alikuwa..."

"Alikuwa nani? Sema, tusikie. Pepo wa kwenu husema kweli akitaka mbuzi, na husema uongo akikutaja wewe?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Desturi ni desturi, Ndurya. Kaa chini."

Ndurya akakaa.

Ndi! Ngoma ikalia mara moja tu.

"Wataka nini?"

Watu wakavuta shingo. Kilemba? Mbuzi? Kaniki mpya?

"Nataka yule aliyepita arudi, afungue mlango."

Mama Umazi alikuwa amesimama kando ya jiko. Akamtazama mumewe. Akautazama mkatale. Akaitazama miguu iliyokuwa chini ya kaniki. Kisha vikuku vikaanza. Chiri. Chiri. Chiri, chiri, chiri!

"Usiguse ghala langu!" akapiga kelele Ndurya. "Limejaa! Mwanamke, limejaa!"

Mama Umazi akalishika komeo la ghala, akalivuta. Halikutoka. Akalivuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani. Kraaa! Mlango ukang'oka na bawaba zake.

Shwaaaa! Mtama ukamwagika uani kama mto. Kuku wakaja mbio, bata wakaja mbio, mbuzi wa jirani akaja mbio.

"Mtama wangu! Jamani, mtama wangu!" Ndurya akapiga magoti, akauzoa kwa mikono, akaukumbatia, machozi yanamtoka.

Hakuna aliyeinama kumsaidia. Walimtazama tu. Mtama aliulilia. Mtoto hakumlilia.

Mama Umazi akapita juu ya mtama ule ule, akaenda mpaka kwenye kigoda, akachuchumaa. Hakuiondoa kaniki. Alisema tu, "Nilikusikia. Siku ile nilikusikia, mwanangu. Niliogopa, nikapita."

Chini ya kaniki mabega yakaanza kutikisika.

Alasiri ile ile wazee wakakata shauri: binti akae kwa Bi Mbodze, na baba asikanyage kule. Mkatale wakaubeba wenyewe, wakauchanja kuni. Ndurya hakuomba msamaha. Mpaka anakufa hakuuomba, na watu walimwamkia kwa mbali.

Sasa, nisiwadanganye. Umazi hakupona siku ile. Kesho yake kulipopambazuka aliubeba mtungi: tapa, tapa, tapa.

Watu wakamjia juu Bi Mbodze. "Mbona pepo hajatoka? Ngoma yako bure!"

"Mtoto amefungiwa miaka tisa," akasema ajuza, "nanyi mnataka atoke kwa alasiri moja?"

Naye akautwaa mtungi wake mdogo, mgongo umepinda, akamfuata kisimani. Akienda mara sita, wanaenda wote mara sita. Hakumwambia tulia. Hakumwambia sahau. Njiani Umazi alisema maneno mawili, siku nyingine kumi, siku nyingine hakusema kitu. Masika yakapita, vuli ikapita. Safari sita zikawa nne. Nne zikawa mbili. Vyombo bado vilianguka pwaa! mara moja moja, na ajuza alisema, "Vyungu vina mfinyanzi. Zoa vigae, mama, usijikate." Na siku moja Umazi alikula ameketi. Bi Mbodze aliona, akajitia kutazama jogoo.

Ndiyo maana watu wa kijiji kile walimkumbuka ajuza yule vizazi na vizazi. Tangu siku zake, kijana akipotewa na utulivu, hawakumuuliza kwanza ana pepo gani. Waliuliza ni nani aliyemfungia, na ni nani aliyepita asifungue.

Funzo lake ni hili: kijana anayekuvunjia chungu leo, huenda kuna siku alivunjwa yeye, na hakuna aliyezoa vigae.

Hadithi yangu imetua hapa, haina hatua nyingine. Mwenye masikio ameichukua.

Usiku wa siku ile Bi Mkasi aliponisimulia, mimi sikupata usingizi mzuri. Kesho yake asubuhi nilimkuta mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nakaa naye tangu mwaka jana, anafagia uwanja aliokwisha kuufagia. Nilikuwa nimemgombeza mara nyingi kwa ukaidi na kwa kutonijibu. Nikamwendea, lakini sikujua nianzeje. Nikamuuliza, "Kabla hujaja kwangu, ulikuwa ukikaaje kule ulikotoka?" Akaendelea kufagia. Nikaketi palepale mchangani, na mwanangu mchanga mgongoni, nikangoja.