Pampu ya Breki ya Shekiondo

Pikipiki ya Shekiondo ilikuwa kuukuu mno, na kwa muda mrefu breki yake ilikuwa soli za viatu vyake. Siku moja alipandisha mlima hadi kwa Tarimo, tajiri mwenye duka pekee la spea, kutafuta pampu ya breki.

"Chukua hii, orijino. Huitaki, nenda zako," alisema Tarimo.

"Bosi, mjinga kama mimi nitaijulia wapi feki? Nifungie tu, niijaribu kwenye mteremko huu. Lile gari jipya pale chini la nani?"

"Langu. Kwani vipi?"

"Hapo ndipo nitakaposimama, kama kweli hii ni orijino."

Tarimo aliinama haraka, akatoa pampu nyingine chini ya kaunta, akaifunga hiyo.

Shekiondo aliteremka akichekelea, akasimama salama kando ya gari, kwa soli za viatu. Breki mpya aliisahau.