Kilichobaki Ghalani Siku ya Krismasi

Ngano, ngano.
— Ipepete.
Makapi je?
— Yape upepo.
Na punje?
— Tupe sisi.

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye andazi mdomoni, meza kwanza, usije ukacheka likakupalia.

Hapo kale, wanyama walikuwa na Kamati ya Krismasi. Kazi yake ilikuwa kukusanya vyakula vya wajane na yatima, ili siku ya sikukuu na wao wale washibe. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Nani alimchagua? Hakuchaguliwa. Alikikalia tu kile kiti, na hakukuwa na wa kumwinua.

Sasa mnajua kwamba mwenyeji mwema huonja chakula kwanza mbele ya mgeni. Tunasema anatoa sumu. Ni desturi nzuri, kijiko kimoja basi. Lakini Kiboko akitoa sumu, alitoa na chakula. Kila Krismasi aliingia ghalani peke yake. Akatoa sumu kwenye ndizi, akatoa sumu kwenye maharage, akatoa sumu kwenye wali. Vilivyomshinda, na magunia ya mchele, alivibeba akaenda kuvitolea sumu nyumbani kwake mtoni. Wajane wakarudi makwao na chumvi.

Mwaka huo Bi Kanga alikuwa amefiwa na mumewe mwezi wa nane, ameachiwa vifaranga kumi na mmoja. Asubuhi ya Krismasi watoto wakadai uji. Akawaambia, "Msile sasa, wanangu. Wekeni nafasi ya pilau." Ulikuwa uwongo. Uji haukuwepo. Mimi kila nikifika hapa roho huniuma, lakini tuendelee.

Jirani yake, Kindi, aliyasikia hayo kutoka juu ya mti. Kindi mnamjua. Mkia mkubwa kuliko mwili, na mdomo mkubwa kuliko mkia. Akashuka, akaenda mpaka uwanjani ambako wanyama walikuwa wanaleta sadaka zao. Twiga ameleta ndizi, Pundamilia ameleta sufuria ya pilau. Nyani ameleta chungu cha maharage na koti lisilo na mikono, na amesimama nalo ili kila mtu amwone.

Kindi akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, wajane watapata nini mwaka huu?"

"Kitakachobaki," Kiboko akasema.

"Chochote kitakachobaki?"

"Chochote. Jua likifika utosini, kitakachobaki ghalani ni cha wajane."

"Hata kiwe kikubwa namna gani?"

Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo. "Hata kiwe kikubwa namna gani. Nimesema, na kauli yangu hairudi nyuma."

Wanyama wote wakasikia. Vyakula vikaingizwa ghalani, na Kiboko akaingia kutoa sumu. Mlango ulikuwa mwembamba. Kwaru, kwaru, akajikwaruza kushoto, akajikwaruza kulia, akaacha tope kwenye miimo yote miwili. Kindi akalitazama lile tope. Kisha akapanda dirishani, akaketi.

Kiboko akaanza na ndizi. Gubu, gubu, gubu. Akala mkungu mmoja, akapumzika.

Kindi akasema, "Mwenyekiti, umeonja juu tu. Sumu hukaa chini."

"Kweli?"

"Sumu ni nzito. Huzama."

Kiboko akala mpaka chini. Gubu, gubu, gubu, ndizi kwisha.

Akaenda kwenye maharage. Gubu, gubu, gubu. Akala nusu chungu, akapumzika. Kindi akaimba:

Toa sumu, Mwenyekiti,
sumu hukaa chini.

Kiboko akala mpaka chini. Gubu, gubu, gubu, maharage kwisha. Na wale wa nje wakaudaka wimbo, wakaimba, maana wanyama ukiwapa wimbo hawaulizi una maana gani. Aliyekataa kuimba ni Bi Kanga. Akaja chini ya dirisha.

"Kindi, mbona unamshindilia? Hicho ni chakula cha wanangu."

"Niamini, dada."

"Nikuamini kwa lipi? Nasikia anakwangua chungu."

Ikabaki pilau. Kiboko akaitazama, akashika tumbo, akacheua. "Hii nitawaachia," akasema. "Leo nimeshiba."

Hapo Kindi akapima. Akinyamaza, wajane wana sufuria moja ya pilau, kijiko kwa kijiko, na kesho njaa iko palepale. Akisema, na hesabu yake ya lile tope la mlangoni ikawa mbovu, watoto kumi na mmoja watalala bila kula kwa sababu yake. Akasema.

"Sawa, Mwenyekiti. Basi ndiyo kweli, wanavyosema."

"Wanasemaje?"

"Kwamba pilau unaiogopa."

Kiboko akatumbukiza kichwa sufuriani. Gubu, gubu, gubu. Pilau ikaisha, tumbo likawa ndi.

Jua likafika utosini. Wanyama wakasogea mlangoni na vyombo vyao. Kiboko akatoa kichwa. Akatoa mabega. Tumbo likagoma. Akarudi nyuma, akaja kwa kishindo, bu! Ghala likatikisika, yeye yuko palepale.

Kindi akashuka dirishani, akasimama nje kati ya wenzake. "Jamani, ghalani kumebaki nini?"

Wakachungulia. "Chumvi. Na Kiboko."

"Basi ni vya wajane."

"Koma wewe," Kiboko akasema. "Mimi nilisema kitakachobaki. Kitu. Mimi si kitu. Mimi ni atakayebaki."

Kindi akakuna sikio. "Samahani, Mwenyekiti. Jina lako nani?"

"Kiboko."

"Ki nani?"

"Ki-boko."

"Haya. Kimebaki."

Wanyama wakavunjika mbavu. Kiboko akafikiri, na Kiboko akifikiri huchukua muda. Kisha akasema, "Na wewe je? Wewe si Ki-ndi?"

"Ndimi. Ila mimi niko nje ya ghala."

Bi Kanga peke yake hakucheka. Akasema polepole, "Kindi, umenipa Kiboko. Nitampika kwa sufuria gani? Wanangu wana njaa sasa hivi."

"Dada, mwenye kuku ndiye mwenye mayai. Kiboko ni chenu. Na ghala la Kiboko kule mtoni ni la nani?"

Nyani akadondosha lile koti, akakimbilia mtoni, na wengine nyuma yake. Wakakuta mchele wa Krismasi iliyopita, na wa Krismasi ya kabla ya hiyo, na wa tangu Kiboko akalie kiti. Moto ukawashwa. Vifaranga kumi na mmoja wakala mpaka wakalala na punje midomoni. Bi Kanga tangu mwezi wa nane alikuwa hajalia, kwa kuwa hakuwa na nafasi. Siku ile akalia huku anatafuna.

Kiboko alikaa mlangoni siku tatu, mpaka tumbo likakubali kutoka. Nje akakuta jembe limeegemezwa ukutani linamngoja. Kikalima, kikapalilia, kikachota maji, mpaka Pasaka. Wajane wakitaka kumwita walisema, "Kiko wapi kile chetu?"

Ngano yangu imefika kinuni. Aliyeishika aitwange kwa mchi wake.

Mnataka na fundisho? Wakubwa watawaambia ulafi ni mbaya. Msiwasikilize. Kiboko angekuwa na kiasi, wajane wangepata pilau ya siku moja. Kwa kuwa hakuwa na kiasi, walipata mlimaji wa msimu mzima. Ulafi ni sadaka kubwa, wanangu. Basi kesho kwenye sikukuu msijizuie. Kuleni mpaka mkwame mlangoni. Kuna wajane watatu hapa kijijini, na mashamba yao bado hayajalimwa.