Somo la Kujumlisha la Mwalimu Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa shule porini, mwalimu kashiba, watoto wana njaa!
Kumbe mnajua? Basi nyamazeni nisimulie mimi.

Hapo kale shule ya pori ilikuwa na mwalimu mkuu, Fisi. Kila mtoto alikuja na chakula chake cha mchana, na Fisi alikiita zana za kufundishia. Hesabu aliyoifundisha ni moja tu, ya kutoa.

"Viazi vitatu, toa kimoja?" Kiazi mdomoni, nyam! "Vimebaki?"

"Viwili, mwalimu!"

"Toa viwili?" Nyam, nyam! "Vimebaki?"

"Hakuna, mwalimu!"

"Safi. Mwingine!"

Watoto wakakonda. Siku moja Digidigi mdogo akaanguka mstarini kwa njaa, puu! Habari zikamfikia Pimbi, mratibu wa masomo, ambaye kazi yake ni kuzunguka mashuleni, kukaa nyuma ya darasa na kuwaelekeza walimu. Pimbi akaogopa, tena sana. Mratibu aliyemtangulia alimkosoa Fisi mbele ya watoto, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Fisi alisema kahamishwa.

Hata hivyo Pimbi akaenda. Akakaa nyuma. Fisi akatoa, nyam! Akatoa tena, nyam! Somo lilipokwisha akamsogelea huku akilamba midomo.

"Haya, Mratibu. Una la kukosoa?"

Pimbi akapiga makofi. "Nikosoe nini, Mkuu? Kwenye kutoa umebobea! Kesho nawaleta walimu wa pori zima wakutazame ukifundisha kujumlisha."

Fisi akavimba kichwa. "Waje! Zana wataleta watoto."

"Ala! Wakileta watoto, kwao si itakuwa kutoa? Wageni watatucheka. Kwenye kujumlisha, zana ni za mwalimu."

Fisi akakuna kichwa. Aonekane hajui? Thubutu! "Najua," akasema. "Nilikuwa nakupima tu."

Kesho yake wageni wakajaa. Fisi akaburura gunia kutoka stoo yake, kwaru, kwaru. Akaweka kiazi mbele ya Digidigi, akaongeza cha pili. "Kimoja, jumlisha kimoja?"

"Sijaelewa, mwalimu." Na kweli hakuelewa. Hajawahi kuona kitu kikiongezeka darasani humo.

"Rudia kwa vitendo, Mkuu," Pimbi akasema kutoka nyuma.

Kiazi kingine, pwa! "Umeelewa?"

"Bado, mwalimu."

"Na sisi bado!" wakadakia wenzake, maana walikwishashtuka.

Pwa! Pwa! Pwa! Gunia likaisha, likabururwa jingine, nalo likaisha. Madawati yakajaa.

"Sasa tumeelewa, mwalimu!"

Fisi akanyoosha mkono akusanye viazi vyake.

"Ukikusanya, Mkuu," Pimbi akanong'ona, "somo limegeuka kutoa. Wageni wanatazama."

Fisi akawatazama wageni. Akavitazama viazi. Akameza mate, gu! Mkono akaurudisha.

Kengele ikalia, watoto wakatoka na viazi vyao wakikimbia. Wageni wakampa Fisi mkono mmoja mmoja: mwalimu kama huyu hawajapata kumwona. Kisha kila mmoja akamwomba aje kufundisha na shuleni kwake, na asisahau zana.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye swali akamuulize Fisi, kama ana nguvu ya kujibu. Na funzo lake, watoto, ni hili: mratibu hana kazi yoyote. Anakaa nyuma, anapiga makofi, anakwenda zake.