Mtungi Mahali pa Baba

"Nizibue?"
"Zibua!"
"Ukiwauma ulimi?"
"Tutameza!"
"Atakayetema?"
"Atoke nje!"

Haya. Na wewe unayetafuna karanga hapo nyuma, meza kwanza, maana habari hii ni ya kinywa.

Hapo kale, kwenye majabali ya Ugogo, alikuwepo Pimbi na mkewe na kitoto chao cha kike, Nyemo. Pimbi ni kijinyama kidogo tu, mkubwa kama sungura. Lakini baba huyu alipanda mzabibu mweusi. Ulipozaa mara ya kwanza akakamua divai nyekundu, akajaza mtungi mmoja, akauziba kwa nta, akausukuma ndani ya ufa wa jabali penye ubaridi. Kisha akaugua.

"Mama Nyemo," akamwambia mkewe, "siku mtoto akiolewa, wakwe hupokewa kwa kinywaji cha baba. Mimi sitakuwepo. Mtungi ule ukae mahali pangu. Lakini usiuharakishe. Sasa hivi ni mkali, na ukali huo ndio unaoutunza."

Akafa. Mama Nyemo akalia, akafuta machozi, akakaa kuulinda mtungi.

Sasa, palikuwa na Nyani dume, kifua hivi, meno hivi. Kila mvua za kwanza zilipolowesha vumbi, alipita nyumba kwa nyumba. Divai nyepesi na tamu za majirani alizinywa, na zile alizozisahau zikachacha, zikawa siki. Ikabaki ya Mama Nyemo.

Mwaka wa kwanza, Nyani akaja. Pu! Pu! Pu! Mawe yakabiringika.

"Mama Nyemo! Toa divai!"

"Karibu, mkubwa."

"Onja wewe kwanza. Toa sumu."

Maana desturi ya huko, mwenye nyumba asipoonja, mgeni hanywi. Na Nyani, kwa yale aliyowatendea wenzake, alikuwa na kila sababu ya kuiogopa sumu.

Mama Nyemo akazibua nta kidogo, akachovya mrija, akaonja. Uso ukamkunjamana. Nyani naye akaonja.

"Ptuu! Ptuu! Nimelamba gome la mti au nini?"

"Bado, mkubwa. Ni changa."

"Nitarudi."

Mwaka wa pili, Nyani akaja. Pu! Pu! Pu!

"Toa divai! Na utoe sumu!"

Mama Nyemo akaonja, akakunja uso. Nyani akaonja. "Ptu," akasema, lakini safari hii polepole. Akajilamba. "Mbona kwa mbali nasikia zambarau?"

"Bado, mkubwa."

"Nasikia na moshi."

"Bado."

"Nitarudi. Na mwakani nakuja na kata kubwa."

Tangu siku hiyo Mama Nyemo chakula hakikumpita vizuri.

Mwaka wa tatu, siku mbili kabla ya mvua, akaonja peke yake. Loo! Ule ukali haukuondoka, jamani, ila umetulia, umekaa chini na wenzake. Akasikia zambarau mbivu, akasikia moshi, akasikia udongo uliolowa. Akameza, na ladha ikabaki kinywani, haitaki kwenda. Akaketi palepale akalia, kwa sababu mumewe alisema kweli na hayupo kuambiwa hivyo. Kisha akashikwa na hofu. Harusi ya Nyemo ni baada ya mavuno, na Nyani anakuja keshokutwa! Msiniulize hesabu ya umri, pimbi hukua upesi.

Kumpiga Nyani hawezi. Kuuhamisha mtungi hawezi, maana divai ya zamani ukiitikisa mashapo yanapanda, yote inavurugika. Akawaza, akawaza. "Nyani ana nguvu zote," akasema, "lakini sijamwona hata siku moja akikipita chakula." Akashika kikapu, akaenda kuchuma mabibo machanga, yale ya kijani.

Nyani akaja. Pu! Pu! Pu! Na kata lake.

"Toa divai!"

"Karibu, mkubwa. Ila mabibo hayo usiguse, ni ya mtoto."

Wee! Usiguse? Nyani akakaa kitako. Nyam, nyam, nyam, kikapu kizima. Ukakasi ukajaa kinywani, ulimi ukawa mzito kama ngozi ya ng'ombe.

"Shasha," akasema, "toa shumu."

Mama Nyemo akaonja. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, ndugu zangu. Kunywa kitu kizuri vile, kazi ya mikono ya marehemu mumeo, halafu ukunje uso! Akakunja. Nyani akaonja.

"Ptuu! Ptuu! Ptuu! Afadhali hata ya mwaka wa kwanza!"

"Pole, mkubwa. Nyingine huzeeka vibaya."

"Miaka mitatu nangoja uchafu huu!" Akaugonga mtungi kwa kidole, ngo! "Baki nao!" Akaenda zake.

Mavuno yakaisha, wakwe wakaja. Mama Nyemo akaweka kigoda cha marehemu kando ya ufa, mbele ya mtungi, akawaambia wageni, "Kila anayemeza akunje uso. Nyani yuko juu ya jabali anatutazama."

Wakanywa.

"Uuu! Kali!"

"Uuu! Mateso!"

"Mama mkwe, niongezee mateso!"

Nyani huko juu akatikisa kichwa. "Masikini pimbi," akasema, "hata harusi yao ni adhabu." Akashuka upande wa pili kutafuta maji.

Nyemo akanywa wa mwisho. Akakunja uso kama wote, lakini machozi yakamtoka. Hakuikumbuka hata sura ya baba yake.

"Mama, baba alikuwa hivi?"

"Mwanzoni alikuwa mkali sana, mwanangu," mama yake akasema. "Nilimngojea."

Basi, mnataka funzo? Funzo ni hili. Divai nyekundu ya zamani ni kitu kibaya, ukakasi mtupu. Ukiwa nayo, inywe ingali changa, au mpelekee mkubwa wako leo hii. Mimi mwenyewe ninao mtungi mmoja nyuma ya nyumba, huu mwaka wa nne. Umeharibika kabisa. Msijisumbue kuja.

"Nimeziba!"
"Tumemeza!"
"Ilikuwaje?"
"Uuu! Kali!"